Shangazi Nyuma, Itumba Mbele

Safari hii niliifanya kwa ajili ya mchumba. Wazazi wa Tusekile, kule Itumba, walikuwa wanasubiri mtu wa ukoo wetu aje kuzungumza nao, na kwetu mtu huyo ni Shangazi Eliza, hakuna mwingine. Basi nikatoka Tunduma na pikipiki yangu ya milimani, nikapenya foleni ya malori, nikaenda kumchukua.

Hasamba, asubuhi. Shangazi alikuwa mlangoni, amejifunga vitenge viwili juu ya sweta. Aliizunguka pikipiki kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Mbona ndefu hivi, Baraka? Tunaenda kuposa au kwenye sarakasi?"

Nikamwinamishia, akapanda. Nyuma ikadidimia. Springi nilikuwa nimeiweka laini, ya kunibeba mimi peke yangu, na mimi ni mwembamba. Nikajipa moyo kwamba itavumilia.

Njia ya mashambani. Haikuvumilia. Kila shimo shokapu iligonga mwisho, ngo! na Shangazi akaguna. Kwenye mlima wa kwanza gurudumu la mbele likawa jepesi, usukani ukacheza, tukalala taratibu matopeni. Hatukuumia. Ila Shangazi alijikung'uta, akasema bila kucheka: "Mimi narudi nyumbani. Waambie wakwe zako shangazi amekufa."

Nilinywea. Bila yeye hakuna posa.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya Mama Neema, mkulima wa kahawa. Alimkaribisha Shangazi chai, mimi akaniazima nyundo na tindo. Nikalegeza nati ya juu ya springi, ile inayoifunga ya pili isizunguke, nikaigonga hiyo ya chini yake izunguke mpaka springi ikabanwa.

"Panda tena, Shangazi, nione inavyoshuka."

"Panda mwenyewe."

"Tatizo liko nyuma, na wa nyuma ni wewe."

Mama Neema alicheka mpaka akashika nguzo. Shangazi akapanda, mimi mbele. Ikashuka sana. Nikakaza tena.

"Usije ukaniambia mimi ni mzito."

"Si wewe, Shangazi. Ni vitenge."

"Vitenge!" Hapo naye akashindwa, akacheka. Tulipopanda tena ikashuka kidogo tu, ikatulia. Nikafunga nati ya juu.

Itumba, mchana. Milima ya Ileje tuliipanda bila kugonga. Baba yake Tusekile alitupokea uani, akauliza habari za njiani. Nikamtazama Shangazi.

"Kijana ananijali," Shangazi akajibu. "Alisimama njiani akatengeneza pikipiki kwa ajili ya mgongo wangu."

Matope yalikuwa yamemkaukia hadi kiunoni. Mzee aliyaona, akatabasamu, akasema binti yake ameshakubali, naye hana neno.

Kurudi. Shangazi alikatalia huko. Yeye na mama mkwe walikuwa hawajamaliza kunisema. Nikarudi peke yangu juu ya springi ngumu, kila jiwe likinirusha kama mahindi kwenye ungo, hadi kwa Mama Neema.

"Na sasa umemwangusha wapi?" akaniuliza, nyundo tayari mkononi.

Nilichojifunza si kikubwa: pikipiki hurekebishwa kwa ajili ya anayepanda, si kwa anayeimiliki. Siku hizi Tusekile akitaka kupakiwa, namkalisha kwanza, naangalia inavyoshuka, kisha nakaza. Akiuliza nakaza nini, namwambia barabara ni mbovu.