Chumba Ambacho Hakikupimwa Uroa

Nilikwenda Uroa kujigamba, wala sioni haya kusema. Mimi ni mpimaji wa maabara, mkaazi wa Mpendae, na kwa miaka mingi wenzangu na mimi tumeisukuma malaria mpaka ukingoni mwa kisiwa chetu. Vipimo hutoka nchi moja tajiri ya ng'ambo. Sasa nchi hiyo ilimtuma afisa wake, Bwana Martin, aje atazame kama bado tunavihitaji. Wakubwa zake walishaanza kusema kazi imekwisha.

Saa moja asubuhi tuliondoka kwa gari ya kazini. Nilimweleza utaratibu wetu: mgonjwa mmoja akionekana, tunakwenda kwake na kupima nyumba nzima. Vipimo vyao, miguu yetu. Nikamwambia pia kwamba huo si msaada wa huruma. Mwenye nacho ana wajibu kwa jirani yake, na sisi hatukukaa kitako tukingoja. Akacheka, akasema ninafaa kugombea ubunge. Baada ya Dunga akapitiwa na usingizi.

Saa tatu tukafika. Nyumba niliichagua mwenyewe, iwe ya mfano. Mzee wa hapo alifariki mwezi uliopita, na mwanawe aliyekuja kuzika kutoka bara akashikwa na homa. Wenzangu wawili walimtibu, wakapima waliomo, wakaandika: nyumba imekamilika. Bwana Haji, ndugu wa marehemu, alitukaribisha barazani kwa chai na mkate wa kumimina. Nikauliza hali za nyumbani. Wote wazima, akasema, ila shemeji yake, Bi Mwajuma, ana homa tangu juzi.

Nikauliza alipimwa lini. Hakupimwa, akasema Bwana Haji. Mjane yumo edani, na wanaume wa nje hawaingii kwake mpaka eda iishe. Wenzangu wote wawili ni wanaume. Kwa heshima waliupita mlango ule, na kwa heshima hiyo hiyo hawakumwandika. Niliona aibu mbele ya mgeni, aibu ya kweli.

Nikapiga hodi, nikaingia peke yangu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nlijua iko siku watamleta mwanamke."

Tone la damu, robo saa ya kungoja, na kipimo kikaonyesha malaria. Nilimpa dawa akameza mbele yangu. Nikamweleza hofu yangu: nikisema kweli, mgeni ataona hatuijui kazi, nikinyamaza, ataandika imekwisha na vipimo havitakuja tena.

"Sema kweli," akanambia.

Nikatoka nikasema yote. Bwana Martin hakunilaumu. Alisimama mbali kidogo na mlango, akaomba nimpe pole mgonjwa kwa niaba yake. Bi Mwajuma akajibu kutoka ndani, kwa sauti ya kusikika:

"Mwambie ahsante. Na mwambie, asiponiona asidhani simo."

Nikamfasiria.

Saa nane tulirudi mjini, naye njia nzima hakulala. Tulipofika Michenzani alinitaka nimtajie maneno yale polepole, akayaandika kwa Kiswahili, mwanzo kabisa wa ripoti yake, na chini yake akaandika kwamba vipimo viendelee kuja. Nilikwenda kuringia ugonjwa tulioumaliza. Nimerudi bado ninaringa, lakini kwa sababu tulipokosea tulisema wenyewe. Kesho wapimaji wanarudi Uroa, na kuanzia sasa hawatoki bila mwanamke.