Lenzi Ndefu ya Siku ya Kupamba

Kamera ililetwa na mjomba wangu, baharia, naye aliileta haina jicho. Lenzi yake ilivunjikia melini, akaona tabu kuitupa, akanipa mimi eti kwa kuwa nimemaliza shule na mikono yangu imekaa bure. "Tafuta lenzi tu, mwanangu, halafu utaona mambo." Niliyaona, wallahi.

Maana mama aliposikia habari ya kamera, alitoa agizo lake palepale. Dada yangu alikuwa anaolewa na mtu wa Maskati, na harusi ikisha angekwenda zake. Lini angerudi Malindi, hakuna aliyejua. Miaka ile ya themanini watu walikuwa wakienda huko wakapotea. Mama hakuomba kidani wala kitambaa. Aliomba picha moja ya binti yake siku ya kupamba, ile siku bibi harusi anapoketishwa akatazamwa na wanawake wenzake. "Nzima," aliniambia. "Toka utosini mpaka kucha za miguu. Kipande sitaki." Wapiga picha wa mjini wote walikuwa wanaume, na mwanamume hakanyagi pale. Basi nikabaki mimi, ambaye hata kutia filamu sikujua.

Nikaenda na mjomba kwenye duka moja la saa na redio, ambalo mwenyewe alikuwa akinunua pia vitu vya watalii wanaorudi kwao. Nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha kamera, akaigeuzageuza, kisha akaniwekea lenzi mbili juu ya kabati la kioo. Moja fupi, imeandikwa hamsini. Nyingine ndefu kama mchi, imeandikwa mia mbili. "Hizi ndizo zinazoingia hapo," akasema. "Chagua."

Nichague nini? Niliuliza, kama mtu mwenye akili zake, ipi inaona zaidi. Mimi nilidhani ya mia mbili, kwani mia mbili si nyingi kuliko hamsini? Akatikisa kichwa. Mia mbili inavuta karibu lakini inaona padogo, hamsini haivuti lakini inaona papana. Haya. Tena kulikuwa na namba nyingine ndogondogo kwenye pete ya lenzi, nazo namba ikiwa ndogo ndipo tundu linakuwa kubwa, na ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo. Ala! Waliozitengeneza walikuwa na ugomvi gani na hesabu? Nilimgeukia mjomba aniokoe, naye alikuwa ameshaikamata ile ndefu, anaipima uzito, uso umemjaa furaha. "Hii ndiyo kamera sasa," akasema. "Ukishika ile nyingine watu watadhani una kopo la maziwa."

"Mwanangu," mwenye duka akaniambia, "wewe unaanza, chukua fupi. Inaona kama jicho lako." Nikamwamini kabisa. Kisha nikatoka mlangoni na ile ndefu, nikaielekeza ng'ambo ya barabara, na mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi karai akanijia usoni mpaka nikaruka. Imani yote ikanitoka. Nikarudi ndani nimeduwaa, sijui nishike ipi niache ipi.

Kilichoniamulia mwisho ni adabu. Nilijiambia, kupamba kutafanywa uani, chini ya turubai. Dada ataketishwa juu, na mbele yake watakaa mabibi na mashangazi wa mji mzima. Mimi, mdogo wake, sijaolewa bado, nitapitaje nikasimama mbele yao niwape mgongo? Kwetu huwezi kumpa mtu mzima mgongo hivihivi. Nitasimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na hiyo lenzi ndefu ndiyo itakayoniletea dada. Nilipomweleza mwenye duka, alijikuna kichwa. Yeye hajaingia kwenye kupamba hata siku moja, angejua nini? Nikaondoka na ndefu.

Siku yenyewe ikanyesha. Si manyunyu, mvua! Turubai likajaa maji likalala chini, dada akakimbizwa ndani na kanga kichwani, akaketishwa chumbani, ubavuni mwa ukuta. Na nyumba yetu ni ya zamani. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ni urefu wa boriti inayobeba dari, basi. Nilisimama mbele ya dada nikatia jicho kwenye kamera, nikaona ukungu mtupu, kumbe lenzi ile haitaki kitu cha karibu. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta wa pili. Hapo ukungu ukatoka, nikamwona dada. Alikuwa uso tu, umejaa kote, hana hata shingo.

"Si urudi nyuma," dada akanong'ona.

"Nirudi wapi, Mnarani ufukweni?"

Nikajipenyeza mpaka mwisho wa chumba, nikaona visogo vya wageni waliojazana humo. Nikarudi palepale ukutani. Mama akachungulia mlangoni, jasho linamtiririka, akauliza, "Umempata?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikapiga uso. Nikashusha kamera, nikapiga mikono yenye hina iliyolala mapajani. Nikashusha tena, nikapiga miguu. Sikujua ninafanya nini. Flashi ya kuazima inamulika, wanawake wanapiga vigelegele, nami napiga tu.

Filamu mjomba aliipeleka Mombasa, studio ambayo mke wa mwenyewe ndiye aliyesafisha picha za wanawake. Ziliporudi, dada alikuwa ameshaondoka. Nikamkabidhi mama, nikasimama kando nangoja kusemwa. Mpaka leo mtu anayejifunza kupiga picha akiniuliza aanze na lenzi gani, namwona mama vile alivyokuwa siku ile, nikashindwa kumjibu.

Alizitazama mojamoja, kipaji cha uso kimekunjana. "Mbona sielewi? Mwenyewe yuko wapi?" Akaingia chumbani kwa dada, akazipanga juu ya kitanda chake: uso mtoni, mikono katikati, miguu chini. Akazisogezasogeza mpaka zikakaa anavyotaka, lakini baina ya uso na mikono pakabaki shuka tupu. Nikaanza kuomba radhi, nikimweleza habari ya mvua na boriti.

Hakunisikiliza. Alipitisha kiganja polepole juu ya ile shuka, pale palipokosa kifua cha mwanawe.

"Acha," akasema. "Hapa napajua mwenyewe."