Alienda Kumtafsiria Kaka Yake, Akapewa Kazi Yeye

Kerubo alimsindikiza kaka yake kwenye mahojiano ya kazi hapa Doha. Kazi akapewa yeye.

Hakuwa ameomba. Hata CV hakubeba.

Ameniruhusu nisimulie, mradi hoteli nisiitaje. Tulieni basi.

Kaka mtu anaitwa Douglas. Ndiye aliyetangulia huku, akawa mhudumu wa mezani, mwepesi wa mdomo, wageni wanamwita kwa jina. Kisha akamvuta dada yake, naye akapata kazi ya nyumbani kwa familia moja mtaa wa Al Thumama.

Halafu Douglas akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Homa ilipoondoka, iliondoka na masikio yake.

Hoteli ikamwachisha kazi kwa upole. Mhudumu asiyesikia oda, utamfanya nini?

Sasa, Wakenya hapa tuna chama chetu cha kuchangiana, Bega kwa Bega. Chama kikampa Douglas kitanda cha kulala huko Umm Salal. Kikamlipa pia Damaris, dada anayejua lugha ya ishara, amfundishe yeye na Kerubo, na amsindikize kwenye mahojiano.

Damaris hakuwa na mchezo. Bosi akianza na "mwambie hivi", anamkatiza.

"Muongeleshe yeye. Mimi ni sauti tu."

Na mabosi wanageuza shingo, wanamtazama Douglas usoni. Akaanza kuitwa kwa mahojiano ya pili.

Kisha michango ikapungua. Wengine walirudishwa nyumbani, wengine wakahama. Mwenyekiti wetu, Fabian, akasimama kwenye mkutano wa Ijumaa, akasema lazima tukate kitu. Kinachokatwa ni msaada wa wenye ulemavu wanaotafuta kazi. Wa kusafirisha maiti unabaki.

"Maiti haiwezi kujitafutia," akasema. "Aliye hai atajipanga."

Kerubo akamwonyesha kaka yake kwa mikono kilichosemwa. Douglas akacheka kwa ile sauti yake ambayo siku hizi haijui kipimo.

"Kumbe nikifa ndio nitapata lifti."

Ukumbi mzima ukageuka. Hakuna aliyecheka naye.

Damaris akarudi kwenye zamu zake za kutunza wazee. Ana watoto nyumbani, hangeweza kufanya bure.

Haikupita muda, hoteli moja ikamwita Douglas. Nafasi ilikuwa kwenye chumba cha kufulia nguo. Douglas na Kerubo walijaribu ile programu ya simu ya kugeuza maneno kuwa maandishi, lakini kwa lafudhi za huku iliandika vituko vitupu. Kerubo akaomba ruhusa kwa Madam wake, akavaa nguo ya kanisani, wakaenda.

Aliyewahoji alikuwa Edith, Mkenya mwenzetu, mpole, wa ofisi ya kuajiri. Alimsalimia Douglas kwa mkono. Halafu akamgeukia Kerubo, na hakugeuka tena.

"Mwambie kule kuna mashine kubwa. Asiposikia, akiumia je?"

Kerubo akatafsiri kwa ishara zake za kubahatisha. Douglas akajibu mwenyewe.

"Madam, macho yangu siku hizi yanafanya kazi mara mbili. Nijaribuni kidogo tu, muone."

"Anaongea vizuri," Edith akamwambia Kerubo, kama anayesifu mtoto wa mtu. "Na wewe je? Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwezi ujao."

"Uko na utulivu. Hii nafasi ningekupa wewe leo leo."

Mikono ya Kerubo ikaganda.

Damaris angejua la kusema. Lakini Kerubo hakuwa mkalimani. Alikuwa mtu mwenye mama anayemtegemea nyumbani Keroka, na mkataba unaokwisha.

Douglas akamgusa kiwiko. "Amesema nini?"

Kerubo akaashiria: *Watakuandikia.*

Nje, Douglas akanunua chai ya karak vikombe viwili, wakaketi kituo cha basi.

"Chai ya nini?" Kerubo akauliza kwa mikono.

"Ya hongera."

Kerubo akadhani kaka yake amejaa matumaini.

Ujumbe wa hoteli ulipofika, ulifika kwenye simu ya Kerubo: kazi amepewa yeye. Akakaa nao moyoni mpaka Ijumaa, akapanda basi hadi Umm Salal, akamweleza kaka yake yote.

Douglas hakushtuka.

"Najua. Nilisoma midomo ya yule mama. Ile chai nilikuwa nakupongeza wewe."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Kerubo akalia. Akasema atakataa.

"Sister, usikatae," Douglas akamwambia. "Visa yangu inaisha. Wote wawili tukirudi, mama atakula nini?"

Douglas akaondoka kurudi Kenya. Waliomsindikiza uwanja wa ndege ni Kerubo na Damaris tu. Watu wengine walikuwa wakiitana kwa kelele juu ya mabegi na foleni. Wale watatu waliongea taratibu kwa mikono, kutoka mbali, mpaka Douglas akapotea kwenye watu.

Sasa sikia hili.

Siku ya kwanza kazini, Kerubo alifunguliwa mlango wa chumba cha kufulia. Mashine zilinguruma mpaka sakafu inatetemeka. Kila mtu alikuwa ameziba masikio. Msimamizi, kaka mmoja Mnepali, hakumwambia neno. Alimwonyesha kwa mikono: simama hapa, vuta, kunja, peleka. Mashine ikikwama, taa nyekundu inawaka ukutani.

Wakati wa chai msimamizi akamwambia, "Humu hakuna anayesikia kitu. Tunatazamana tu."

Kerubo akarudi kwenye mashuka yake. Akalia kwa sauti, kilio cha msibani kabisa. Hakuna aliyegeuka.

Baadaye alimfuata Edith ofisini, akamweleza kwamba kule kazi inafanywa kwa macho.

"Sikujua," Edith akasema. "Sijawahi kuingia kule." Akaongeza kwamba nafasi zimejaa.

Ndugu zangu, kabla hujasema mwenye ulemavu hataweza kazi fulani, ingia kwanza uione hiyo kazi. Na mkitaka kumkatia msaada, muulizeni yeye ulikuwa unamfikisha wapi. Sisi hatukumuuliza.

Kerubo amekuwa mzoefu sasa, wanampenda. Kila mwisho wa wiki anapiga simu ya video Keroka, wanaongea kwa mikono na kaka yake.

Douglas bado anatafuta kazi.