Msiba wa Ng'ambo ya Kijito

Nakumbuka siku moja ya mazishi ambayo sikuiona, niliisikia tu. Aliyekuwa anazikwa ni baba yangu mzazi.

Vuta hiyo ndoo ukae, mwanangu, unisaidie kuchambua hawa dagaa. Jana umesimama hapahapa sokoni Mkuyuni, mbele ya wateja wangu, umetoka chuoni Nyegezi na maneno mapya: Kanda ya Ziwa ijitenge, iwe nchi yake, kwa kuwa dhahabu ni yetu, samaki ni wetu, pamba ni yetu, na kura tunapiga lakini wanaofaidi ni walewale. Wenzako wakakupigia makofi. Mimi bibi yako nilinyamaza, maana mtoto wa kiume hakanywi mbele ya watu. Leo tuko wawili.

Sitakuambia serikali ni nzuri. Kila anayekuja kuomba kura sokoni hapa anaahidi kuchimba mfereji, na kila mvua ikinyesha maji yanaingia chini ya meza yangu. Hasira yako naijua. Mimi ninayo ya zamani kuliko yako.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya ziwa, upande wa Magu, na katikati kilipitiwa na kijito. Mimi nilizaliwa upande mmoja, nikaolewa upande wa pili. Si mbali. Nikiwa uani kwa mume wangu niliuona moshi wa jiko la mama. Mwenyekiti wa kijiji tulimchagua wenyewe, kwa mikono yetu. Serikali ilipoleta bomba la maji, yule bwana akaliingiza kwenye boma la mashemeji zake, upande ule niliozaliwa, sisi wa upande wa mume wangu tukabaki na maji ya ziwa na kichocho chake.

Wanaume wa upande wetu wakakaa kikao. Aliyesema sana ni Masalu, fundi wa mitumbwi, mtu wa maneno matamu. Akasema tumechoka, tujitenge, tuwe kijiji chetu. Mume wangu Shija akamuunga mkono, na mimi nikapiga vigelegele na wanawake wenzangu. Masalu akawa mwenyekiti siku hiyohiyo.

Sasa wewe umekulia mjini, ngoja nikueleze. Kwetu Wasukuma, ukisikia mwano, ule ukelele wa kuomba msaada, unaacha hata tonge la ugali unakimbia. Ng'ombe wameibwa, nyumba inaungua, mtu amekufa, mwano ni huohuo. Asiyeitikia, siku yake hataitikiwa. Hiyo ndiyo sheria iliyotushika kuliko serikali yoyote, na Masalu alijua hapo ndipo pa kukata. Akatangaza kwamba mwano wa ng'ambo hauitikiwi tena, na atakayevuka atatozwa ng'ombe. Ng'ambo nao wakajibu vilevile.

Baba alibaki huko ng'ambo, chini ya mwenyekiti yule mbaya, na watu wetu walimwita mwoga. Lakini kila mkutano wa kijiji alisimama na swali lilelile: "Mwenyekiti, bomba la watu wote limeingiaje bomani kwa mashemeji zako?" Walimcheka. Mkutano unaofuata anasimama tena.

Mara ya mwisho tuliongea tukiwa kijitoni, kila mtu kwenye ukingo wake. Nikamwambia, "Baba, unajichosha. Hamieni kwetu."

"Mwenyekiti ni wa kupita, mwanangu. Kijiji ni changu, nimwachieje?" Halafu akaniuliza, "Na wewe, nikifa, utavuka?"

Nilicheka. Nilimwona mzee anakuza mambo. Kicheko kile kinanichoma hadi leo.

Mwano ulilia mchana, naanika dagaa ufukweni, na sauti ilikuwa ya mama yangu. Nikaanza kukimbia. Shija akanishika mkono. Hakunipiga wala hakufoka. Alisema tu, "Tuna ng'ombe mmoja, na watoto wanakunywa maziwa yake." Nikakaa chini, palepale juu ya dagaa. Alasiri nikasikia nyimbo, kisha majembe, kisha kimya. Mwendo wa kwenda kuchota maji na kurudi, na sikwenda.

Na huyo Masalu wetu? Tulichanga tukanunua pampu, ikafungwa uani kwake, ufunguo akashika mke wake. Waliosema ukiruka mkojo utakanyaga mavi hawakukosea. Na kumuuliza hatukuweza, maana kila aliyeuliza aliambiwa ametumwa na ng'ambo.

Kule kwa baba uchaguzi ulifika, mwenyekiti akaangushwa na swali lile la mzee, watu wameshalishika kwa kichwa. Bomba likatolewa bomani, likawekwa njiani. Aliyemfuata hakuwa malaika, ila alijua kwamba ataulizwa. Baba hakunywa hata kikombe. Siku sisi tuliochoshwa na Masalu tuliporudi kuomba tupokelewe, mama alinikingia maji, akanipa. "Kunywa," akasema. "Ni ya baba yako." Hayo maji sijayasahau.

Basi nikuambie, mwanangu. Wapo wanaokuhubiria kwamba subira huvuta heri wakati heri yenyewe wamekwisha kuila. Usiwasikilize hao. Subira ya kunyamaza ni ya ng'ombe mnadani. Wewe shika subira ya baba yangu: nenda mkutano wa mtaa, uliza, wakikucheka uliza tena, siku ya kura amka mapema, na wakiichezea kura yako, hilo nalo waulize mbele ya watu. Ila usichore mpaka. Mpaka haumtengi mkubwa na ulaji wake, unamtenga binti na kaburi la baba yake. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na mama yako mzazi yuko Dodoma kikazi. Mwano wake ukilia, utavuka kwa ruhusa ya nani? Ya hao waliokupigia makofi jana?

Mungu akupe ulimi mgumu kama wa baba yangu, akunyime masikio yaliyosikia niliyoyasikia mimi. Na siku yangu ikifika, popote utakapokuwa, uje ushike jembe.