Mgawa Maji wa Kok-Bulun na Hema la Mzee Asankan

Jua bado liko nyuma ya mlima, na Jumadil Ormonov amesimama ndani ya mfereji, maji ya theluji yakimfika magotini. Anang'oa mizizi, anatupa mawe ukingoni, anatukana kidogo, anaendelea. Buti lake la kushoto limetoboka.

"Usiandike habari za buti," anamwambia mwandishi. "Mke wangu atasoma, halafu aseme nimemwaibisha."

Ana miaka sitini na mmoja. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mgawa maji wa Kok-Bulun, mji wetu mdogo wa kusini mwa ziwa Isik-Kul. Ndiye anayefungua na kufunga malango matatu ya mbao yanayopeleka maji ya kijito mitaani. Mshahara hana. Kila nyumba humpa debe la aprikoti kiangazi na nusu gunia la shayiri baada ya mavuno.

"Wanaokumbuka ni nusu," anasema. "Na hao nusu wananiletea zilizopondeka."

Leo kazi hiyo iko mashakani. Hapa kwetu mgawa maji hapigiwi kura. Kila Aprili, siku ya kuzibua mifereji, anayemtaka aendelee huja na jembe na kushuka majini pamoja naye. Asiyemtaka hubaki nyumbani. Mtaa mmoja ukisusa mzima, hutafutwa mtu mwingine.

Watu wa Mtaa wa Juu wamekuja, wa Mtaa wa Kati wamekuja. Wa Mtaa wa Gati hajaonekana hata mmoja, na Jumadil anajifanya hatazami upande huo.

Mgeni akiusikia Mtaa wa Gati atadhani uko ziwani. Wala. Kabla ya barabara kujengwa, matishali ya ngano na makaa ya mawe yalipakuliwa pale, na mji ulizaliwa kwa sababu hiyo: ghala kwanza, kisha nyumba za wapakuzi, kisha shule. Baadaye shamba la ushirika likapanda miaprikoti, meli zikaacha kuja, na ziwa likarudi nyuma. Siku hizi gati limesimama kwenye nyasi kavu na ng'ombe hujikuna kwenye nguzo zake. Wazee wanasema chini ya ziwa kuna mji mwingine, wa kale, na kweli watoto huokota vigae vya vyungu ufukweni.

"Mji mmoja limeumeza, wa pili limeukimbia," anasema Jumadil. "Ziwa hili halina msimamo."

Tena maji yake yana chumvi, huwezi kunyweshea mti. Kila bustani hapa inaishi kwa kijito kimoja kinachoshuka mlimani. Mitaa hupokezana, siku tatu tatu, na Mtaa wa Gati uko mwisho.

Ni jambo moja tu linaloruhusiwa kuvunja zamu, nalo ni msiba. Nyumba ikifiwa, hema la sufu husimamishwa uani likitazama barabara, na mgawa maji huyaelekeza maji yote huko bila kungoja kuambiwa. Kuna masufuria ya nyama, kuna farasi wa waombolezaji, kuna umati wa kunyweshwa chai. Na hakuna anayeuliza nani amekufa. Mwanamume huanza kulia angali mbali, akaenda hivyo mpaka mlangoni mwa hema. Kufika kimya na kuuliza ni kuwatukana wafiwa.

Hapo ndipo Jumadil alipoponzeka. Juni mwaka jana aliona hema limesimama kwa Mzee Asankan, Mtaa wa Juu. Mzee alikuwa ametolewa hospitali wiki ileile, hajiwezi. Jumadil akafunga lango la Mtaa wa Gati, zamu yao ikiwa ndiyo kwanza imeanza, akafungua la juu, akapanda farasi kwenda malishoni kuchukua kondoo wa rambirambi. Njiani alimwambia Bubukan, mjane wa Mtaa wa Gati, kwamba kuna msiba kwa Asankan.

Alirudi siku ya tatu. Bubukan na majirani zake walikuwa wakimsubiri na sinia za maandazi. Wakapanda pamoja, Jumadil mbele na kondoo wake, akilia kwa sauti ya kuvunja moyo: "Ndugu yangu wee! Nguzo yangu wee!"

Wakatoka watalii wanne na kamera. Nyuma yao akatoka Mzee Asankan mwenyewe, bakuli la chai mkononi.

"Nani kafa?" akauliza.

Kumbe Maksat, mwanawe, alikuwa ameanza biashara ya kulaza wageni kwenye hema. Majirani wake walikuwa wameyaona maji wakadhani ni ukarimu wa mgawa maji kwa wageni.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema Jumadil. "Yule mzee akanishika bega, akasema, 'Umelia vizuri, mdogo wangu. Siku yenyewe ikifika, usipunguze.'"

Mji mzima ulicheka kiangazi chote, isipokuwa Mtaa wa Gati. Zamu yao ilikuwa imekwisha, upepo wa joto ukavuma, na zamu nyingine ilipofika miaprikoti ilikuwa imedondosha matunda yakiwa mabichi. Bubukan ana miti arobaini na hana kingine. Majira ya baridi aliuza ng'ombe wake wa maziwa. Tangu Juni ile hajamsalimia Jumadil.

Mwezi uliopita Jumadil alimfuata nyumbani na kuahidi kwamba maji ya kwanza ya mwaka huu yatakuwa ya Mtaa wa Gati, kabla ya mtu mwingine yeyote. Bubukan alimsikiliza akiwa mlangoni, kisha akafunga mlango.

Sasa saa tatu asubuhi imepita. Mfereji mkuu umezibuliwa, na Jumadil anafungua lango la Gati kama alivyoahidi. Ndipo kijana mmoja anapoinua kichwa.

"Mzee Jumadil, tazama juu. Hema."

Watu wote wanatazama. Uani kwa Asankan, mbele, likitazama barabara, wanaume wanatandika sufu juu ya fito.

"Haya, kalie tena," mmoja anamtania. "Kamera zinakungoja." Wengine wanacheka.

Jumadil hacheki. Sikukuu za Mei zinakaribia na Maksat amekuwa akitangaza kwamba mwaka huu ataanza mapema. Mkono wa Jumadil uko juu ya lango, haufungi wala haufungui. Akiyapandisha maji na ikawa ni wageni, kazi imekwisha na heshima imekwisha. Asipoyapandisha na ikawa ni msiba, hilo ni baya zaidi.

Wakati huo Mtaa wa Gati unatokea. Wanakuja kama watu ishirini, majembe mabegani, Bubukan mbele. Anaona maji yakikimbilia mtaani kwake. Kisha anaona hema.

"Mbona hujayapeleka?" anauliza. Ni maneno yake ya kwanza kwa Jumadil tangu Juni.

"Sijui kama ni msiba, dada. Na maji haya nilikuahidi wewe."

"Tangu lini mgawa maji akaanza kuuliza?"

"Tangu nilipokumalizia miti yako."

 Miaprikoti ya Bubukan imechanua wiki hii, na kila mtu pale anajua inavyohitaji maji. Anashuka mferejini na viatu vyake vya nyumbani, anamsogeza Jumadil kwa bega kama mtu anayesogeza ndama, anafunga lango la mtaa wake mwenyewe na kulifungua la juu.

"Twende," anasema. "Kama ni watalii, tutakuwa wajinga wawili."

Wanapanda. Katikati ya njia Jumadil anaanza kulia, kwanza kwa kujikaza, halafu kwa sauti yote. Mlangoni mwa hema amesimama Maksat, mshipi umefungwa juu ya koti, ameegemea fimbo kama wafanyavyo wafiwa, naye analia. Mzee Asankan alikuwa amekata roho alfajiri, majirani zake wakiwa tayari mferejini.

Siku tatu baadaye, baada ya mazishi, mwandishi anamkuta Jumadil langoni, akiyateremsha maji Mtaa wa Gati. Jembe la Bubukan limechomekwa ukingoni tangu siku ile, na hakuna anayezungumzia mgawa maji mwingine. Maksat amekubali kwamba mahema ya wageni yatakaa nyuma ya nyumba, yakitazama ziwa. Jumadil anataka jambo hilo likubaliwe na mitaa yote kabla ya Juni, na anatarajia kiangazi hiki Bubukan apate aprikoti za kutosha kununua ng'ombe mwingine.

Anafungua lango, anasimama kuyaangalia maji yakishuka.

"Siku ile sikupunguza, kama alivyoniagiza," anasema. "Ila nilipofika mlangoni nilinyamaza kidogo. Nilidhani atatoka kuniuliza nani kafa."