Bati Langu, Kisima Chake

Mahali pa kwanza nilipopanga na mwanangu palikuwa Masasi mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikaa vizuri hadi msimu wa korosho ulipofunguliwa. Msimu ukifika Masasi inajaa: wanunuzi, wapakiaji, madereva wa malori, watu wa maghala, na kila mmoja anataka pa kulala, na halipi kama mtumishi wa serikali, analipa kama mtu mwenye haraka. Mwenye nyumba alinifuata uani nikiwa nafua. Akasifu jinsi ninavyong'arisha mashuka, akauliza hali ya mtoto, kisha akasema anataka kukikarabati kile chumba. Ukarabati wenyewe ulikuwa magodoro manne, yaliyoingia mlangoni wakati mimi natoka na mabegi.

Msimu ule ule nikahamishiwa Newala. Mwanangu nilimpeleka Nanganga kwa mama yangu, nikamwambia ni kwa muda tu, mpaka nipate nyumba. Alikuwa bado mtoto wa kuvaa sketi nyuma mbele. Aliitikia bila kulia, maana alikuwa ameshamwona kuku wa bibi yake ana vifaranga, na hilo lilikuwa jambo kubwa zaidi.

Kazi yangu ni upimaji wa ardhi. Nachora ramani za viwanja, natoka na wenzangu kuweka mawe ya mipaka, narudi ofisini kusikiliza majirani wanaogombania hatua mbili za mchanga. Kwa hiyo Newala nilianza maisha ya kuchekesha: asubuhi nagawa viwanja, jioni natafuta chumba.

Dalali aliyenitembeza alikuwa mtu mchangamfu na mwongo wa kiasi. Kila nyumba aliyonipeleka "ilikuwa yangu tayari". Tunapiga hodi, tunakaribishwa, tunaamkiana vizuri, shikamoo na marahaba, nazungushwa vyumba. Halafu linakuja swali. Masasi waliniuliza nafanya kazi wapi. Newala waliniuliza, "Mko wangapi?"

Nikisema wawili, mimi na mwanangu, uso wa mwenye nyumba unabadilika. Wengine walisema chumba kina mtu, wameshakumbuka sasa hivi. Mzee mmoja mstaafu alikuwa mkweli kuliko wote. Alinipeleka hadi katikati ya ua wake, akafunua mfuniko wa zege, akanionyesha giza la chini.

"Binti yangu, vyumba ninavyo," alisema. "Maji ya kumpa mtoto ndiyo sina. Mtoto anacheza, anachafuka, anaoga mara mbili. Hapa tuko kumi na moja tunaingojea mvua."

Ilinibidi nijifunze. Mimi nimezaliwa bondeni, ambako ukitaka maji unachukua ndoo unakwenda mtoni, habari imekwisha. Huku juu ya uwanda wa Makonde mto hakuna, na bomba linatoa maji siku linapojisikia. Kila nyumba ya bati ina mifereji pembezoni mwa paa, wenyewe wanaiita gata, inayokusanya mvua na kuipeleka kwenye kisima cha saruji chini ya ua. Maji hayo ndiyo ya kunywa na kupikia hadi mvua nyingine. Mpangaji mpya ni ndoo zaidi kila siku, na paa haliongezeki kwa sababu kaja mpangaji. Mtu anaweza kuwa na chumba kitupu na asikipangishe, na asiwe mchoyo.

Kwa mzee yule nikachukua chumba cha mtu mmoja. Mtoto akabaki Nanganga. Majirani waliponiuliza kama nina mtoto niliwatajia jina lake, na toka siku hiyo, kama ilivyo kawaida, nikawa mama yake. Sokoni, ofisini, msikitini, mtaa mzima ukawa unaniita kwa jina la mtoto ambaye hakuna aliyepata kumwona. Wengine nadhani walishuku kwamba nimemtunga.

Nilikuwa nashuka Nanganga kila nilipopata ruhusa. Kila safari namkuta amerefuka na ana maneno mapya, mengi ya bibi yake. Ananisimulia habari za watu nisiowajua. Wakati wa kuondoka ananisindikiza hadi barabarani na kuniambia, "Msalimie Newala," kana kwamba Newala ni mtu.

Kipindi hicho walikuja wageni ofisini, wataalamu wa mipango miji kutoka mikoa mingine, kujadili upungufu wa nyumba za bei nafuu. Walizungumza vizuri. Mmoja alitaka viwanja viwe vidogo zaidi ili watu wengi wapate. Mwingine alitaka nyumba za ghorofa. Mimi nilikuwa nimeshika ramani, na ramani haiulizwi maoni. Lakini nilikuwa nahesabu kichwani mapagale niliyoyapita asubuhi ile nikienda kazini. Newala kuta hazijapungua. Zimejaa, zinasimama bila paa, na ndani yake imeota mihogo na mibono.

Sababu inajulikana na kila mtu. Huku watu wanajenga kwa korosho. Msimu mmoja msingi, msimu wa pili kuta, msimu wa tatu inatakiwa bati, na hapo ndipo linapotokea jambo. Wadudu wanakula maua, au bei inaanguka, au watoto wamefikia umri wa kuchezwa ngoma, na hakuna bibi wa Kimakonde atakayenunua bati wakati wajukuu zake wanatoka unyagoni bila sherehe. Nyumba inangoja. Nyumba haina aibu ya kungoja.

Pagale moja nililipenda. Lilikuwa pembeni mwa mji, vyumba viwili na sebule, kuta zimenyooka, na kisima kimeshachimbwa na kusakafiwa. Mwenyewe alikuwa mama mkulima wa kijiji cha Mnyambe, mjane, mwenye mikorosho na ulimi. Nilimfuata shambani kwake nikamkuta anaokota. Nikamwamkia, nikajitambulisha kwa jina la mwanangu, nikasaidia kuokota kidogo, kisha nikamweleza: mimi nitapaua na kutia milango, nitakaa humo bila kulipa kodi hadi gharama yangu irudi, baada ya hapo nitalipa kama mpangaji yeyote. Nyumba inabaki yake.

"Na mwanao atakuja?" aliuliza.

"Ndiye ninayemtafutia."

"Basi njoo na mtu wako. Mimi nitamleta kaka yangu, maana mambo ya nyumba bila mjomba wa watoto hayaendi."

Tulikutana kwenye pagale, yeye na kaka yake, mimi na yule mzee mwenye nyumba wangu, na mwenyekiti wa mtaa. Tulikubaliana juu ya kila kitu. Bati la aina gani. Mbao za nani. Mlango wa nyuma ufungukie ndani au nje. Nani atapanda miti, nani atavuna. Nilipima kila ukuta mwenyewe, nikajisifu moyoni kwamba mimi si wa kudanganywa. Juu ya maji hakuna aliyesema neno. Kwangu mimi, mtu wa bondeni, maji yalikuwa sehemu ya nyumba kama kizingiti. Kwake yeye, mtu wa Mnyambe, maji hayajawahi kuwa sehemu ya nyumba ya mtu mwingine.

Fundi alimaliza kupaua mvua zikiwa karibu. Niliongeza gata mpya mbele na nyuma, zikaelekea kisimani. Mvua ya kwanza iliponyesha nilikuwa peke yangu sebuleni, nimekaa juu ya ndoo ya rangi, nasikiliza maji yanavyoporomoka ndani ya kisima. Nilifurahi hadi nikasimama na kutembea chumba hadi chumba. Nilipiga simu Nanganga nikamwambia mama yangu afungashe nguo za mtoto. Mama aliuliza kama nina uhakika. Nikamwambia asikilize mwenyewe, nikainyoosha simu kuelekea kwenye mvua.

Mvua ya pili ilimleta mama wa Mnyambe. Alikuja na kufuli.

Alisalimia vizuri, akaitazama nyumba, akasema nimepata fundi mzuri, akaenda moja kwa moja kisimani. Akafunua, akachungulia, akaridhika. Kisha akafunga mfuniko kwa mnyororo.

"Mama," nilisema, "mbona unafunga?"

"Watu wataiba. Nitatuma bajaji na madumu, Mnyambe kwangu kumekauka."

"Na mimi?"

"Wewe kaa. Nani kakwambia utoke? Nyumba kaa, mwanangu. Maji ni yangu."

"Bati ni langu mama! Mvua imenyesha juu ya bati langu."

"Aka! Bati lako ndilo limenyesha? Mvua ya Mungu, shimo nimechimba mie. Shimo hili lilikuwepo wewe hujafika."

Nilikasirika. Mtu aliyepima mashamba ya wilaya nzima, nimesimama kwenye ua ambao sina haki ya kuchota maji yake. Na kibaya zaidi, alikuwa na hoja. Alikichimba kisima kile kabla ya kuinua ukuta, kwa ajili ya mabinti zake ambao kila kiangazi hushinda wakitembea na ndoo. Nyumba kwake ilikuwa sababu ya kupata paa, na paa sababu ya kupata maji. Mimi nilimkamilishia kisima chake.

Nikapiga simu Nanganga tena. Mama yangu alisema hakuna neno, alikuwa hajaanza kufungasha.

Kesi ilikwenda kwa kaka yake, mjomba wa watoto, mtu mpole asiyependa kelele. Alikuja, akaizunguka nyumba mara kadhaa mikono nyuma, akiangalia juu. Sote tulimfuata. Mwishowe akasimama kwenye kona.

"Paa lina pande mbili," alisema. "Maji ya upande wa mbele yaende kisimani, ni ya dada. Maji ya upande wa nyuma ni ya mama huyu. Atajua mwenyewe atayaweka wapi."

Mama wa Mnyambe alinung'unika kwamba upande wa nyuma ndio unaopata mvua ya upepo. Mimi nilinung'unika kwamba sina pa kuyaweka. Tulipoona sote tumenung'unika, tukajua kesi imeamuliwa vizuri. Ninapoulizwa siku hizi kama miji inaweza kumaliza shida ya nyumba, namkumbuka mtu yule akiangalia juu. Naamini inaweza. Alichofanya yeye kilikuwa kugawa kitu ambacho sisi wote watano tulisahau kukitaja tulipokuwa tunapanga bawaba za mlango.

Ila kugawa kulichukua muda wake. Mvua za mwaka ule, upande wangu ulimwagika mchangani, nami nikawa nakinga kwa masufuria. Kisima changu kilichimbwa kiangazi, kikasakafiwa kwa maji ya kununua, kikangoja mvua nyingine. Niliishi ndani ya nyumba nzima kwa maji ya mtu mmoja. Chumba cha mtoto nilikipaka rangi, nikatia kitanda, na kila Jumapili nilikifagia ingawa hakuna aliyekichafua. Hapo ndipo nilipomwonea wivu mama yangu, na siufichi wivu huo.

Kisima kilipojaa, nilikwenda kumchukua mwenyewe. Alikwenda Nanganga hajui kufunga vifungo. Niliyemrudisha alikuwa ananisomea vibao vya barabarani tulipokuwa tunapanda mlima wa kwenda Newala. Mtaa ulitoka kumtazama. Walimwita kwa jina, walikuwa wamelizoea kwa miaka, na yeye alishangaa kwamba watu wote hawa wanamjua.

Ni mtoto mwenye adabu. Bibi yake amemlea vizuri, sina la kulalamika. Nilimwonyesha kisima, nikamweleza upande wa mbele na wa nyuma, akaelewa upesi kuliko mimi. Kikombe kimoja cha kupigia mswaki, maji ya kuoshea vyombo yanamwagiwa mchicha. Chumba chake akakipanga, nguo akazikunja vizuri na kuzirudisha kwenye begi. Nilimwambia kuna kabati. Akasema begi linatosha.

Siku ya kwanza ya shule nilirudi mapema nimpikie. Nilikuwa jikoni nikasikia hatua kwenye mchanga, kisha kimya, kisha sauti mlangoni.

"Hodi."

"Karibu," nilijibu, kama mtu yeyote anavyojibu, nikafuta mikono nikitaka kujua ni mgeni gani.

Alikuwa yeye, amesimama nje ya kizingiti na mkoba wake, viatu ameshavivua ameviweka pembeni.

"Mwanangu, hapa ni kwenu," nilimwambia. "Mtu hapigi hodi kwao."

"Ndiyo, mama," alisema. "Kwa bibi huwa sipigi."

Akasubiri nimpishe, akaingia.