Kiingereza cha Mama Chadia

Chadia binti Abedi alijifunza Kiingereza kwa sababu ya njaa. Vita ya mwaka wa tisini na sita ilipofika Kalemie, familia yake ilivuka ziwa hadi Kigoma, na huko akapata kazi ya kufua nguo kwa muuguzi wa kigeni asiyejua neno la Kiswahili. Mfanyakazi asiyemwelewa alifukuzwa kazi. Chadia alisikiliza kwa bidii, akarudia kila neno huku akikamua mashuka. Hakuwahi kuiona lugha ile ubaoni.

Aliporudi Kalemie, waasi walikuwa wameshika mji, na garimoshi la Kongolo lilikuwa halitembei. Mashirika ya misaada yalianza kufika, na wageni wao wengi waliongea Kiingereza. Vijana waliomaliza shule kwa Kifaransa wakamjia nyumbani kumwomba awafundishe.

Aliwapokea uani, akawakataza kuleta makaratasi. "Kanuni munazijua, lakini muko bubu," aliwaambia. "Musitunge sentensi kwa Kifaransa kwanza, halafu muivushe kama mugonjwa. Shikeni maneno yakiwa pamoja, vile watu wanavyoyasema. Ukikosa neno, lizunguke. Sema kile kitu kinafanya kazi gani, mwenzako atakupa jina lake."

Kila mmoja alisimulia alichofanya siku hiyo, kisha akasimulia tena, haraka zaidi. Aliyemcheka mwenzake alisimamishwa asimulie yeye. Redio ikisoma habari, walitamka nyuma ya msomaji, hata pale wasipoelewa. Na zaidi ya yote Chadia aliwadai sauti. "Usimeze maneno. Muntu akisema wazi, makosa yake yanasamehewa."

Aliyemeza kuliko wote alikuwa Prospère, mtoto wa mvuvi wa Zongwe, aliyekimbilia mjini na mama yake baada ya kijiji chao kuchomwa. Aliongea akitazama miguu. Chadia alimsimamisha upande wa pili wa ua, mwenyewe akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo, na kijana alilazimika kusikika juu ya kinu. Miezi ikapita, akasikika.

Shirika moja lilipomwita Chadia awe mkalimani, mama yake alikuwa kitandani, asiyeweza kuachwa. "Chukueni Prospère," alisema. "Anasema kunipita miye."

Safari ya kwanza ilikuwa Zongwe kwenyewe. Komanda wa waasi wa pale aliwaeleza wageni kwamba adui ndiye aliyechoma nyumba, na Prospère akatafsiri bila kuongeza kitu. Lakini alipokwenda kunywa maji, wanawake waliomjua tangu utoto walimnong'oneza kwa Kitabwa, lugha ya kwao. Waliochoma ni hawa hawa wanaotulinda, walisema, na watu walikuwa ndani.

Prospère alirudi ufukweni, kwenye boti, akamweleza mkubwa wa msafara. Alisimama wima, akamtazama usoni, akasema kwa Kiingereza neno kwa neno. Hakuona sababu ya kunong'ona, kwa kuwa wanajeshi wote pale walijua Kiswahili tu. Ndivyo alivyodhani. Mlinzi mmoja wa komanda alikuwa amekulia ng'ambo ya ziwa, na Kiingereza alikielewa.

Boti ilipokuwa tayari, komanda alitabasamu, akaomba mkalimani abaki kidogo wamalizane habari ya dawa, angerudishwa kesho. Mkubwa wa msafara akakubali. Siku chache baadaye wavuvi walimwokota Prospère majini.

Aliyeleta habari hiyo kwa Chadia ni Ngoy, mwendesha boti. "Alisema vizuri sana, Mama," alimwambia, akidhani anamfariji. "Miye nilikuwa kwenye injini, na nilimusikia." Akayarudia maneno yale ya Kiingereza kama alivyoyasikia.

Baada ya maziko Mama Bertille, mzazi wa Prospère, alikuja akakaa uani na kitambaa chake cha msiba.

"Mama Chadia, miye sijui Kizungu. Mutoto wangu alisema neno gani?"

Chadia akamtafsiria. Alitafsiri taratibu, bila kuficha kitu.

Mama Bertille alikikunja kitambaa chake. Kisha akasema, "Ni hilo tu? Hilo sisi wote tulilijua. Tulilijua kwa Kitabwa, tukalijua kwa Kiswahili. Lilikuwa na lazima gani kujulikana kwa Kiingereza?"

Chadia akaingia ndani. Vijana walipokuja jioni hiyo walikuta mlango umefungwa, na kesho yake pia. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kifo kile.

Amani iliposainiwa, komanda alihamia mjini, akapewa ofisi na gari. Naye akamwita Chadia.

"Nasikia ulikuwa mwalimu mzuri," alisema. "Nina mikutano ng'ambo, nataka unifundishe Kiingereza, nisikie kwa masikio yangu. Wakalimani siwaamini."

Chadia alimtazama mikono, si uso.

"Nimekisahau, Papa."

"Lugha haisahauliki."

"Hii imesahaulika."

Komanda akacheka, akamruhusu aende. Mwalimu mwingine hakukosekana, na mwaka uliofuata watu walimsikia kwenye redio akiwasalimu wageni kwa Kiingereza safi.

Chadia sasa anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Wageni wakimuuliza bei kwa Kiingereza, anawaonyesha vidole.